Chapati yako haina kalori 120

Mwezi uliopita alinijia dada mmoja, simu mkononi, kakunja uso. "Dokta," akaanza (watu huniita hivyo ingawa mimi ni mtu wa lishe tu), "nakula kalori 1,400 kwa siku, naandika kila kitu, mbona kilo hazishuki?" Nikamwomba nione anavyoandika. Asubuhi ya siku ile alikunywa chai ya maziwa kwa chapati mbili, na programu ya simu ilimhesabia kalori 120 kwa kila chapati. Nikamuuliza kapika nani. Kapika mwenyewe, chapati za kusukuma, zile zinazochambuka.

Chapati ya kalori 120 ipo kweli, ila ni ile ya Kihindi: nyembamba, gramu 40 hivi, imebabuliwa kwenye chuma kikavu. Yetu inapakwa mafuta, inaviringwa, inasukumwa upya, halafu inapakwa tena pande zote mbili ikiwa jikoni. Jina moja, vyakula viwili, na programu haijui uko Sinza au Mumbai.

Nikamwambia siku akipika tena apime unga, kisha aweke chupa ya mafuta kwenye mizani kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Alirudi na namba zake: unga wa ngano kilo 1, chupa imepungua gramu 210, chapati 16. Unga mweupe wa ngano una kalori 364 kwa gramu 100, kwa hiyo kilo nzima ni 3,640. Mafuta ya kula yana 884 kwa gramu 100, kwa hiyo gramu 210 ni kama 1,856. Jumla 5,496, gawa kwa 16, kila chapati inabeba 343. Zile mbili za asubuhi zilikuwa karibu 690, si 240. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka.

Ndiyo maana nawaambia wateja wangu waache kutafuta kalori za chakula kwa jina la chakula. Tafuta za unga, mafuta, sukari, maharage makavu, yaani vitu ambavyo havibadiliki kutoka jiko moja hadi jingine. Ukishavipata, sufuria yako mwenyewe ndiyo itakayokupa jibu.

Wapi pa kuvipata? Tanzania tuna jedwali letu la viinilishe vya vyakula, lililotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Nalitumia sana, hasa kwa vyakula vyetu, ingawa takwimu nyingi humo zimeazimwa kutoka majedwali ya nje, hasa ya Marekani. Kenya walitoa lao mwaka 2018 wakishirikiana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Kwa mchele, mayai au mafuta naingia FoodData Central ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, na humo nakwepa orodha ya bidhaa za makampuni, kwa sababu namba zake zinatoka kwa makampuni yenyewe.

Kosa la pili ninalokutana nalo kila wiki ni la maji. Maji hayana kalori lakini yana uzito. Gramu 100 za mchele ni kalori 365 hivi. Gramu 100 za wali mweupe uliochemshwa bila mafuta ni 130. Mtu akipima wali kwenye sahani halafu akachagua mchele mbichi kwenye simu, amejihesabia karibu mara tatu. Ugali ndio usiseme. Nusu kilo ya sembe, kama kalori 1,800, ukiisonga ikatoa ugali wa kilo moja na nusu, kila gramu 100 ina 120. Ukiusonga mgumu ukatoa kilo 1 na robo, ni 144. Kwa hiyo pima sufuria tupu, pima tena ikiwa na ugali, toa, gawa. Dakika moja tu.

Tui ndilo linalonishinda. Machicha hubaki na sehemu ya mafuta ya nazi, na ni kiasi gani kimebaki inategemea mkono uliokamua. La kopo lina afadhali, unasoma kwenye kopo.

Ukisoma, angalia kama ni kJ (kilojuli, kipimo kingine cha nishati) au kcal, ambayo ndiyo kalori tunayoisema hapa. Nimemwona mtu akiandika 1,500 kwa biskuti ambazo ni kalori 358, kwa sababu alisoma mstari wa juu. Na kwa namba yoyote unayoitilia shaka kwenye simu, zidisha gramu za protini kwa 4, za wanga kwa 4, za mafuta kwa 9, ujumlishe. Zikipishana kidogo si neno, nyuzinyuzi huleta tofauti. Zikipishana kwa nusu, aliyeingiza alikuwa anabahatisha. Hesabu hiyo ni ya Mmarekani Atwater, ya karne ya 19, na hata yenyewe ina mipaka: mwaka 2018 watafiti waliwalisha watu korosho wakakuta gramu 28 zinawapa mwili kalori 137, badala ya 163 za kwenye majedwali. Watu wa Mtwara mtafurahi.

Chipsi mayai za kibandani sina namna ya kuzipima, na sitambebea mpishi mizani. Nikizila, naandika 1,000, naongeza kachumbari, naendelea na maisha.