Wanaokwenda "Kuhesabiwa": Yanayosemwa Kuhusu Desemba ya Uchagani na Ukweli Wake

Desemba ikishaanza, stendi ya Magufuli kule Mbezi hujaa mabegi, na utani wa kila mwaka hurudi: Wachaga wanaorudi kwao Kilimanjaro wanakwenda kuhesabiwa. Asiyetokea jina linakatwa. Utani huu una asili ya heshima kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa ni Luka sura ya pili ile ile: Kaisari Augusto anaamuru watu waandikwe, na kila mtu anakwenda mjini kwao. Wanaousambaza kwa bidii zaidi ni Wachaga wenyewe. Lakini nyuma ya kicheko kuna mambo yanayosemwa kama kweli wakati si kweli, na mengine hayahusu Moshi peke yake.

"Wanakwenda kula nyama na kuonyeshana magari."

Nyama ipo, na magari yapo, tusidanganyane. Ila ukifika Rombo au Kibosho siku kadhaa kabla ya sikukuu utakuta watu wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya migomba wakizungumza mambo ambayo hayajadiliki kwa simu. Kihamba ni ardhi ya ukoo. Humo ndimo walimozikwa babu na bibi, na kwa kawaida hakiuzwi kwa mtu wa nje. Kimegawanywa kizazi baada ya kizazi, hadi leo sehemu ya mtoto mmoja wakati mwingine inatosha nyumba na mistari michache ya migomba. Mgogoro wa mpaka kati ya ndugu wawili, mmoja akiwa Mwanza na mwingine Dar, utaamuliwa lini kama si Desemba, wote wakiwa wamesimama pale pale penye mpaka?

Mpaka wenyewe mara nyingi ni mstari wa mimea ya masale. Jani hilo hilo la isale ndilo mtu hulishika anapokwenda kuomba msamaha kwa aliyemkosea, na kumkatalia aliyekuja na isale ni jambo zito mbele ya ukoo. Kwa hiyo wiki hizi ni za kupatanisha watu, kutambulisha wachumba, kupanga mahari na kubatiza watoto. Mbuzi akichinjwa, viungo vyake havigawanywi ovyo. Kila kimoja kina mwenyewe kulingana na nafasi yake katika ukoo. Anayeona mlo tu ameiona nusu ya shughuli. Na waliokaa pale si Wakristo peke yao. Kuna Wachaga Waislamu wanaopanda basi lile lile, kwa sababu kikao cha ukoo hakiulizi dini.

"Mbege ni pombe ya ndizi, unaipika leo unakunywa kesho."

Hapa nitakaa kidogo, maana hii huwaumiza wengi wanaofika Desemba 23 wakidhani watapikiwa. Ndizi ni upande mmoja tu. Huvundikwa ziive, zikachemshwa muda mrefu mpaka rangi igeuke hudhurungi yenye wekundu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Upande wa pili ni ulezi: huloweshwa, ukaoteshwa, ukaanikwa juani, ukasagwa kuwa kimea. Kimea hupikwa uji, uji hupozwa, ndipo unachanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Gome la msesewe hutiwa ili kuleta ule uchungu wake. Ulezi usipoota vizuri, au jua lisipowaka kwa siku mbili tatu, ratiba yote inasogea. Mama anayetaka mbege ya Krismasi huwa ameshaanza kuutazama ulezi wake wiki mbili kabla, huku wajukuu wakiwa bado wanabishana mjini kuhusu nani atakaa dirishani.

Wapo pia wanaosema mbege ni uji tu, hailewi. Si kali kama gongo, lakini ni pombe, na huendelea kuchachuka kadiri inavyokaa. Ya jana si sawa na ya leo, na dereva hana udhuru. Isiyochachuka bado ni togwa, na hiyo ndiyo ya watoto.

"Krismasi huanza tarehe mosi Desemba."

Madukani, ndiyo. Makanisani kipindi hiki ni Majilio, na huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi. Jumapili hiyo huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3, kwa hiyo urefu wake hubadilika. Mwaka 2022 Majilio yalikuwa na siku 28. Mwaka 2023 yalikuwa na 22 tu, na Jumapili ya nne ikawa ndiyo siku ya mkesha. Kwaya ziliona cha moto. Zile siku kumi na mbili za Krismasi zinazotajwa sana nazo si hesabu ya kuelekea sikukuu. Huanza Desemba 25 na kuelekea Epifania, Januari 6.

Kuna wanaoamini kwamba Kanisa Katoliki limekataza ndoa katika Majilio. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilizuia baraka rasmi ya ndoa katika kipindi hicho. Ya mwaka 1983, inayotumika sasa, haina katazo hilo. Kinachotakiwa ni kuheshimu tabia ya kipindi. Paroko wako anaweza kuwa na utaratibu wake, na hapo utamsikiliza yeye, ila usiseme ni dhambi.

Shada la Majilio la mishumaa minne nalo limebandikwa uzee usio wake. Wengi, hata Walutheri, hulichukulia kama desturi ya kale ya Wakatoliki. Lilianzia Hamburg mwaka 1839, kwa mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto wa familia maskini. Watoto walimchosha kwa swali la Krismasi ni lini, akachukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa: midogo myekundu kwa siku za kazi, mikubwa minne myeupe kwa Jumapili. Wakatoliki walilipokea baadaye, wakaweka zambarau mitatu na wa waridi mmoja kwa Jumapili ya tatu.

"Mkrismasi ni mti wetu wa asili."

Ule wenye maua mekundu unaowaka barabarani kila Desemba asili yake ni Madagaska. Na msaipresi unaokatwa matawi ya kupambia sebule umetoka Meksiko na Guatemala. Hii haipunguzi uzuri wa mmoja wala mwingine. Ninachopinga ni kuukata mti mzima kwa ajili ya wiki mbili, wakati tawi moja kwenye ndoo ya mchanga linatosha.

"Desemba nauli hupanda, ndiyo biashara."

Hapana. Kiwango cha juu cha nauli za mabasi hupangwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, na hakuna kiwango cha sikukuu. Kinachopanda ni ulanguzi: tiketi hununuliwa mapema na watu wasiosafiri, kisha hukuzwa bei abiria wakishakata tamaa. Mamlaka huwa inatoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada, kwa hiyo basi usilolijua kwenye njia ya Moshi si lazima liwe la kihuni, uliza kibali. Kata tiketi ya mtandao au dirishani kwa jina lako, na hakikisha nauli iliyoandikwa ndiyo uliyolipa. Mpiga debe akikwambia mashine imeharibika, tafuta kampuni nyingine.

Tena kuna treni. Ile ya abiria kutoka Dar hadi Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya kusimama miaka mingi, na bado kuna watu wanaobishana kwamba njia ile ilikufa. Ni ya polepole, ila migomba ya bibi haihami. Na ukikata ya kwenda, kata na ya kurudi siku hiyo hiyo, kwa sababu Januari 2 kila aliyepanda anashuka.