Yule Mweusi Si Mtoto wa Nemo

Juzi tena, Mnemba, Zanzibar. Hata miwani ya kuzamia hatujavua, mgeni wangu mmoja kutoka Dar kasharusha picha kwenye grupu: anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye minyiri, ndani yake samaki wakubwa wawili wa rangi ya chungwa na wadogo weusi saba. Chini kaandika, "Nemo na watoto wake." Nikamwambia, "Kaka, hao si watoto wake." Akadhani namtania.

Yule mdogo mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji na jingine kila ubavu ni Dascyllus trimaculatus. Ukoo wao mmoja, Pomacentridae, basi. Na huyo wa chungwa mwenye mstari mweupe mgongoni si Nemo pia. Ni Amphiprion akallopisos. Nemo mwenyewe, yule samaki wa filamu, ni Amphiprion ocellaris, kwao ni Indonesia na Ufilipino huko. Hilo nimechoka kulisema, tuendelee.

Kinachoniudhi hasa ni hayo maneno "na watoto wake", hata wakiwa wa chungwa wote. Mayai hutagwa juu ya jiwe, dume huyalinda na kuyapepea. Yakianguliwa, vitoto vinachukuliwa na maji: wa akallopisos siku kumi hivi, wa Dascyllus wiki tatu na ushei. Akirudi mwambani, ukubwa wa ukucha, anatua kwenye anemoni yoyote atakayovumiliwa. Yule mdogo wa chungwa aliyejibanza chini ya jike ni mpangaji anayengoja foleni. Jike akifa, dume lake linageuka jike, na mdogo anayefuata kwa ukubwa anakuwa dume. Sasa ifanye hiyo kuwa familia, uniambie nani anamuoa nani.

Ila "si wake kabisa" siapi tena. Kwenye Kisiwa cha Kimbe, Papua New Guinea, watafiti waliwadunga majike wa Amphiprion percula, jamaa yao hawa wa chungwa, madini ya bariamu kama alama, ikaingia kwenye vijiwe vya masikioni vya watoto. Matokeo yakatoka 2007: takriban asilimia 60 ya wadogo waliotua pale walizaliwa palepale. Kurudi kijijini si kurudi chumbani kwa mama, sawa, lakini mimi miaka yote nilikuwa nawaambia wageni "mkondo umeshawapeleka mbali" kama vile niliwasindikiza.

Dascyllus yeye hata hakai. Akikua anahama anemoni, anajiunga na wenzake juu ya matumbawe kula planktoni, vile vijidudu vinavyoelea majini. Doa la paji linapotea, ya ubavuni yanafifia, na wageni wanaapa ni samaki mwingine. Dume akianza kutongoza anapauka. Hapo hata mimi huangalia mara mbili kabla sijafungua mdomo.

Jana usiku yule kaka kabadilisha maneno: "Nemo na wapangaji wake." Bado Nemo. Nimemwekea dole gumba, nikalala.