Sindano za urembo usoni: lini usubiri, lini ukimbie hospitali

Nilichomwa fila (jeli ya kujaza midomo) jana, leo midomo imevimba kama nimeumwa na nyuki. Ni kawaida?
Ndiyo, ikiwa maumivu yanapungua. Midomo ina mishipa mingi ya damu, huvimba upesi. Siku mbili za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na usiiminyeminye.

Basi hatari hasa ni ipi?
Fila kuziba mshipa wa damu. Ngozi iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hukosa damu, na ikicheleweshewa tiba hufa na kuacha kovu. Ngozi hupauka, kisha hutokea mabaka ya zambarau, na maumivu huzidi. Ila fila nyingi huchanganywa na dawa ya ganzi, kwa hiyo unaweza usisikie chochote mpaka urudi nyumbani. Kwenye ngozi nyeusi kule kupauka hakuonekani kirahisi: geuza mdomo utazame upande wa ndani, bonyeza kwa kidole, achia. Wekundu ukichelewa kurudi, rudi kwa daktari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Fila ya asidi ya haialuroniki huyeyushwa kwa dawa iitwayo haialuronidesi. Kabla hujachomwa, uliza kama wanayo hapo kliniki. Wakianza kujiumauma, ondoka. Silikoni ya maji, ambayo wengine huchomwa badala yake, haiyeyushwi na dawa hiyo, na inaweza kuleta vinundu miaka mingi baadaye.

Ni kweli mtu hupofuka?
Ni nadra, lakini hutokea. Mishipa ya pua na ya katikati ya nyusi imeungana na ile ya jicho. Jicho likiingia giza ghafla au likiuma sana, zinahesabiwa dakika. Mdomo ukienda upande au mkono ukiishiwa nguvu, huenda ni kiharusi.

Botox niliyochomwa kuondoa mikunjo imenilegeza kope. Nitabaki hivi?
Hapana. Dawa hiyo hulegeza misuli kwa miezi 3 hadi 4, na kope kwa kawaida hunyanyuka ndani ya wiki chache. Huna la kufanya ila kuvumilia, ingawa daktari anaweza kukupa matone ya macho. Ukianza kupaliwa na chakula, kuona viwiliviwili au kupumua kwa shida, hilo si la kuvumilia.

Shoga yangu hufuatwa nyumbani na mchomaji, bei chee. Nijaribu?
Nakusihi usithubutu. Nchini Marekani, mwaka 2024, watu 22 katika majimbo 11 waliripotiwa kudhurika baada ya kuchomwa Botox bandia, au na watu wasio na leseni, au nyumbani na saluni. 11 kati yao walilazwa. Na kama ulishachomwa sindano iliyotumiwa na mwingine, nenda hospitali leo: dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72.