Je, Wajua kwa Nini Wachezaji wa Final Fantasy II Huwatandika Watu Wao Wenyewe?

Pambano limebakiza zimwi moja tu, Goblin, yule kibwengo wa mwanzo kabisa ambaye pigo moja linamtosha. Lakini haguswi. Firion, mmoja wa mashujaa wa mchezaji, anamgeukia mwenzake Maria na kumchapa kwa upanga. Maria, mpiga upinde, anamlenga Guy. Guy, jitu la shoka, analipeleka shoka lake kwa Firion. Goblin yuko upande wa pili anamparua huyu, anamparua yule, wala hakuna mwenye habari naye. Raundi ya pili hivyo hivyo, ya tatu vilevile. Wote watatu wakiwa hoi, ndipo mmoja wao anamkumbuka Goblin na kummaliza. Hapo skrini inaanza kutangaza neema: damu ya Firion, yaani kiwango cha uhai wake, imeongezeka, damu ya Maria imeongezeka, damu ya Guy imeongezeka.

Mtu akipita nyuma ya kochi akayaona hayo atadhani mchezaji amerukwa na akili. Kumbe anajua vizuri anachofanya. Kisa hiki kimewafuata wachezaji wa Final Fantasy II tangu enzi za Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, na ndicho kinachotajwa kwanza kila wanapobishana kama gemu hii ni mbovu kuliko ndugu zake wote au ni gemu iliyokuja kabla ya wakati wake.

Kampuni ya Square ilitoa Final Fantasy ya kwanza nchini Japani tarehe 18 Desemba 1987, kwa ajili ya Famicom. Ilipita njia iliyokwisha kulimwa na gemu ya Dragon Quest mwaka 1986: ua mazimwi, kusanya pointi za uzoefu, zikitimia unapanda levo, na ukipanda levo vingine vyote vinapanda nayo. Mwaka mmoja kasoro siku moja baadaye, tarehe 17 Desemba 1988, ikaja sehemu ya pili. Hironobu Sakaguchi aliendelea kuongoza kazi, Nobuo Uematsu akatunga muziki, Yoshitaka Amano akachora, Nasir Gebelli akaandika programu. Mwenye duka angesema ni mzigo ule ule wenye lebo mpya. Mchezaji aliyeiwasha akakuta wahusika wapya, dunia mpya, na jambo moja lililomwacha mdomo wazi: levo hazipo.

Aliyebuni mfumo ule ni Akitoshi Kawazu, na wazo lake ukilisikia mara ya kwanza unaliona la haki kabisa. Kuli anayebeba magunia bandarini hapandi levo. Mabega yake yanatanuka kwa sababu mzigo unakaa mabegani, na anaweza kuzeeka na mabega yale bila kujua kuandika jina lake. Kinachokua ni kile kinachotumika. Basi na ndani ya gemu iwe hivyo. Ukipiga kwa upanga, mkono wako wa upanga unakomaa. Ukipiga kwa shoka, ni shoka linalokomaa, upanga unabaki palepale. Ukiita moto kila siku, moto wako unakuwa mkali, na barafu usiyoigusa inabaki changa. Silaha na uchawi vyote vina madaraja, 1 hadi 16, na kila daraja la silaha linahitaji pointi 100. Hakuna aliyezaliwa mganga wala askari. Kila mtu atakuwa vile ulivyomtumia.

Sasa fikiria damu. Upanga unakomaa kwa kutumika. Damu je, inatumikaje? Inatumika kwa kumwagika. Kawazu hakukwepa jibu hilo. Mhusika akimaliza pambano damu yake imepungua sana kuliko alivyoingia, anapata nafasi ya kuongezewa kiwango cha juu cha damu. Aliyetoka bila mkwaruzo hapati kitu. Aliyeumia kisha akatibiwa kabla pambano halijaisha naye anaweza kuikosa neema hiyo, kwa kuwa hesabu inatazama hali yako mwishoni.

Tatizo linachomoza hapo. Mazimwi ya mwanzo hayana mkono mzito, na yanachagua yenyewe wa kumpiga. Leo yanamshambulia Guy mfululizo, Maria hajapata hata kofi. Ukiwasubiri wakuumize vya kutosha utasubiri sana. Na wenye mkono mzito wapo karibu mno: ukiingia mji wa Fynn mapema na kujaribu kuzungumza na askari wa Dola ya Palamecia, adui wa gemu nzima, mazungumzo yanageuka vita na vita inageuka kaburi. Katikati ya Goblin asiyeumiza na askari anayeua, mchezaji anatafuta mtu wa kumpiga kwa kipimo anachotaka yeye. Anatazama kikosi chake. Kumbe anao watatu.

Nani angemlaumu? Gemu inamruhusu kulenga mwenzake, na inamlipa akifanya hivyo. Wala halikuwa kosa la uandishi wa programu. Ni kanuni ikifanya kazi yake sawasawa na ilivyoandikwa. Kawazu alitaka kuzawadia ushujaa wa mtu aliyepambana akaumia. Mashine haina macho ya kuona ushujaa. Inaona tu kwamba namba ilikuwa 120 na sasa ni 30.

Kosa la kweli lilikuwepo, nalo ni tamu zaidi. Katika gemu hizi unamwagiza kila mhusika kwa zamu kabla raundi haijaanza. Unafungua amri ya Firion, unachagua kupiga, unabonyeza A kuthibitisha. Zamu inahamia kwa Maria. Ukibadili mawazo, unabonyeza B na kurudi kwa Firion. Katika toleo la Famicom, ile A imeshahesabiwa kama upanga umetumika, na B haifuti hesabu. Bonyeza tena A, kisha B, kisha A, kisha B. Goblin amesimama, Firion amesimama, hakuna upanga uliotoka alani, lakini kwenye vitabu vya mashine Firion ameshapiga mapigo hamsini. Wachezaji walikaa hivyo dakika nyingi, gumba likienda mbele na nyuma, macho yakiwa kwingine kabisa. Ujanja huo ulimfaa kila mtu isipokuwa yule wa mwisho kwenye foleni, maana A yake yeye huanzisha raundi papo hapo, hakuna pa kurudi.

Mfumo uliokusudiwa kuthamini kazi ukawa unalipa mshahara kwa kusaini daftari la mahudhurio.

Kwa haki yake, Kawazu alijaribu kuweka kufuli. Zimwi dhaifu likikutana na mkono uliokomaa linakupa pointi kiduchu au lisikupe kabisa, ili usikae kwenye nyasi za mwanzo ukijifanya bingwa. Tena kulikuwa na adhabu: nguvu zikipanda, akili ya uchawi inaweza kushuka, akili ikipanda, stahamala inaweza kushuka. Nia ilikuwa kuzuia mtu mmoja asiwe kila kitu. Matokeo yake ni mchezaji kushinda pambano halafu kuambiwa amekuwa mjinga zaidi. Katika mambo yote ya gemu hii, hilo ndilo ninaloshindwa kulitetea. Toleo la Game Boy Advance la mwaka 2004 liliiondoa adhabu hiyo, na sijasikia mtu akiililia.

Lalamiko jingine la wachezaji ni vyumba vitupu. Mapango yamejaa milango. Ukiingia mlango usio sahihi unajikuta umetupwa katikati ya chumba kisicho na kitu, na hadi uufikie mlango wa kutokea mazimwi yameshakurukia mara mbili tatu. Na kuna nafasi ya nne kikosini, ambayo ni kama kiti cha daladala: huyu anashuka, yule anapanda. Minwu mganga, Josef, Gordon, Leila, Ricard. Umemnoa mtu, umemjulia silaha yake, hadithi inamchukua. Baadhi yao hawashuki tu, wanakufa. Josef anafia chini ya jiwe alilolizuia ili wenzake wapite. Minwu anatoa uhai wake kuvunja kitasa kinacholinda Ultima, uchawi mkuu wa zamani. Kisha unaupata huo Ultima, unautumia kwa mikono inayotetemeka, na katika toleo la Famicom unakuta hauna makali hata ya kumtisha mbwa. Watu wamekasirika kwa hilo miaka zaidi ya 30 na wana haki.

Wanaoipenda wanakujibu kwa hadithi hiyo hiyo. Gemu ya kwanza ilikuwa na mashujaa wanne wasio na majina wala midomo. Hii ya pili inaanza na vijana waliokimbia mji wao uliovamiwa, wanakutana na askari wa Dola wenye deraya nyeusi, na pambano lako la kwanza kabisa huwezi kulishinda hata ufanyeje. Unaanguka, unaamkia kambini kwa waasi wa Binti Mfalme Hilda. Unapewa neno la siri la waasi, waridi mwitu, na neno hilo si pambo: unalikariri kwenye orodha ya maneno yako, kisha unamtajia mtu sahihi ili akufungukie. Mwaka 1988, kwenye kaseti ya Famicom, hilo lilikuwa jambo kubwa. Chocobo, yule ndege wa kupandwa kama farasi, alizaliwa humu. Cid mwenye chombo cha angani naye ni wa humu. Leo huwezi kuitaja Final Fantasy bila hao wawili.

Turudi kwenye kupigana ndani ya nyumba, kwa sababu kuna kichekesho ambacho wengi walikigundua baadaye sana. Kazi yote ile haikuhitajika.

Kinachokuweka hai katika Final Fantasy II si wingi wa damu, ni kukwepa. Kila pigo la adui ni fungu la mapigo madogo, na daraja lako la ukwepaji ndilo linaloamua ni mangapi unaweza kuyakwepa. Mazimwi ya baadaye hayaogopeshi kwa kuumiza. Yanaogopesha kwa sababu pigo likigusa tu linakuja na sumu, kupooza, au kukugeuza jiwe. Mwenye damu 5,000 aliyegeuzwa jiwe ni jiwe tu. Tena yapo mapigo yanayofyonza damu kwa sehemu ya kiwango chako cha juu, kwa hiyo kadiri ulivyonenepa ndivyo unavyomlisha adui. Aliyejitandika usiku kucha apate damu nyingi amejifuga mwenyewe kama ng'ombe wa maziwa.

Na ukwepaji unapanda vipi? Vua deraya nzito, ambayo wachezaji wote waliotoka gemu ya kwanza waliikimbilia kwa sababu ndivyo walivyozoea. Vaa nguo nyepesi, shika ngao na kuitumia. Ukiwa mwepesi unakwepa, na ukwepaji wako ukiwa juu wepesi wenyewe una nafasi zaidi ya kupanda. Ukianza hivyo tangu mwanzo, damu inajipanda yenyewe njiani bila kumgusa Maria hata kwa ukucha. Tena sheria ya kufyonza inafanya kazi kwa pande zote: ukiwa na Upanga wa Damu, kila pigo lake linanyofoa sehemu moja ya 16 ya uhai wote wa adui, hata adui awe na uhai mwingi kiasi gani. Kaisari wa Palamecia, ambaye gemu nzima imekuwa ikikutishia naye, akikutana na upanga huo kwenye mkono unaopiga mara nyingi anaweza kwisha ndani ya raundi mbili.

Gemu haikumwambia mchezaji hata moja kati ya hayo. Ilimwonyesha damu inaongezeka ukiumia, kwa herufi kubwa, baada ya pambano. Akaifuata hiyo.

Nje ya Japani mjadala ulichelewa mno kuanza. Square walianza kuitafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya NES, yaani Famicom ya nje ya Japani, wakaiacha njiani. Gemu iliyouzwa Marekani mwaka 1991 kwa jina la Final Fantasy II ilikuwa kwa kweli ya nne, na wengi walikua wakiapa wameimaliza ya pili kumbe hawajawahi kuiona. Toleo rasmi la Kiingereza lilikuja mwaka 2003 kwenye PlayStation. Miaka 15 imepita, watu wameshacheza za saba na za kumi, halafu wanaletewa gemu inayowataka wapigane wao kwa wao. Ndiyo maana hukumu yao ilikuwa kali kuliko ya Wajapani walioipokea ikiwa mpya.

Kawazu hakukata tamaa. Mwaka mmoja tu baada ya Final Fantasy II, Desemba 1989, alitoa gemu ya kwanza ya SaGa kwenye Game Boy, na mfululizo huo umeendelea kuchezea wazo la kukua kwa kutumika hadi leo, safari hii ukiwa na mashabiki waliolifuata kwa hiari. Wazo hilo lilichipuka na kwingine. Kwenye gemu ya Morrowind ya 2002 ustadi wa kuruka hukua kwa kuruka, basi watu wakawa hawatembei tena, kila aendaye sokoni anaruka kama chura.

Final Fantasy II iliyochorwa upya nayo ipo kwenye simu tangu 2021, na ina kitufe cha kujiendesha ambacho hurudia amri za mwisho ulizotoa. Kwa hiyo unaweza kumwagiza Firion ampige Maria, Maria ampige Guy, Guy ampige Firion, ukabonyeza kitufe, ukailaza simu mezani na kwenda kuteleka chai. Ukirudi, Goblin bado yuko pale pembeni, anaparua.