Je, wajua kwa nini tukitazama filamu ya vita tunamlilia rafiki wa steringi, yule shujaa mkuu, na kuwasahau maadui ishirini aliowaua darajani?

Nilijifunza kutazama vita nikiwa Arua, Uganda, katika kibanda cha video nyuma ya soko. Mabati juu, mabati ubavuni, mabenchi ya mbao yaliyolainishwa na makalio ya watu, pazia zito mlangoni ili jua lisiingie na mtoto asiye na hela asichungulie. Jenereta ya nje ilinguruma kuliko vifaru vya kwenye skrini. Filamu zilitoka Marekani na Hong Kong, lakini sauti tuliyoifuata ilikuwa ya VJ aliyerekodiwa Kampala: yule mtafsiri anayezungumza juu ya filamu kwa Kiganda, akiwapa waigizaji majina ya mitaani na kukutangazia nani atakufa kabla hajafa. Sisi wa Nile Magharibi Kiganda tulikiokota nusunusu. Iliyobaki tulijijazia wenyewe kwa Kiswahili, kwa sauti, mpaka mwenye kibanda atukemee.

Siku moja baba mdogo alinisindikiza. Alikuwa ameshastaafu jeshini na hakupenda sinema, ila mvua ilikuwa imetukuta njiani. Steringi akavuka daraja akimimina risasi, maadui wakaanguka kama maembe siku ya upepo. Tulihesabu kwa sauti: kumi na nane, kumi na tisa, ishirini! Kisha rafiki yake steringi akapigwa moja tu, ya kifua. Muziki ukashuka. Akatoa picha ya mkewe mfukoni. Kibanda kizima kikanyamaza, na kijana mkubwa wa benchi la mbele akajifanya vumbi limemwingia machoni.

Baba mdogo akaniinamia. "Mwanangu, huyu mnamlilia. Wale wa darajani walikuwa kuku?"

Sikuwa na jibu. Nilikuja kugundua baadaye kwamba lipo, na lina makao mawili: nusu yake imo vichwani mwetu, nusu iko kwa mwenye kamera.

Ya vichwani wazee walishaigusa waliposema kifo cha wengi harusi. Wao walikuwa wanaliwaza: msiba mkishirikiana kuubeba, unapungua uzito. Lakini methali hiyo ina ubavu wa pili ambao matangani hatuusemi. Wafu wakiwa wengi, anayewatazama kwa mbali huacha kuwaona mmojammoja. Mwaka 1968 mchumi wa Marekani, Thomas Schelling, alieleza jambo hilihili kwa mfano wa binti wa miaka sita anayehitaji upasuaji: mtangaze, na fedha zitamiminika kutoka kila pembe. Sema badala yake kwamba kodi isipokusanywa hospitali zitachakaa na vifo vitaongezeka kidogo, uone kama kuna atakayetoa chozi, sembuse shilingi.

Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio ambalo kila nikilikumbuka nalirudia kichwani. Watu walipewa dola 5 kwa kujaza fomu, kisha wakaombwa wachangie wenye njaa Afrika. Waliosomewa habari za binti mmoja wa Mali aitwaye Rokia, wa miaka saba, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa 1.14. Mpaka hapo hakuna la kushangaza. Lakini kundi jingine lilipewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu. Ungedhani hao ndio wangetoa zaidi ya wote. Walitoa 1.43. Namba zilipokaa karibu na mtoto, zilimfifisha mtoto.

Mtengeneza filamu wa vita analijua hilo hata kama hajasoma utafiti wowote. Ana vitu vitatu vya kugawa: jina, uso na dakika. Rafiki wa steringi kapewa vyote. Tumeshamwona akila, akitania, akiandika barua, na picha ya mke imeonyeshwa mapema ili ije kutumika. (Katika kibanda chetu, askari akishaonyesha picha ya mkewe tu, mtu alipiga kelele: "Huyu amekwisha!") Adui hupigwa picha kwa mbali, kavaa kofia ya chuma au kitambaa usoni, na anapoanguka kamera imeshageukia mwingine. Lugha yetu yenyewe husitasita hapa: wapo wanaosema maiti yule, wapo wanaosema maiti ile. Filamu ya mapigano haisitisiti. Ni ile.

Tunayo ya kwetu inayofichua mchezo huu kuliko zote, nayo ilitengenezwa Wakaliga, Kampala, na Isaac Nabwana, kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Inaitwa Who Killed Captain Alex? na ilitoka mwaka 2010. Watu wanakufa ndani yake kama mvua, damu ya kutengenezwa inaruka, helikopta za kompyuta zinalipua majengo ya Kampala, na VJ Emmie anashangilia juu yake kama mtangazaji wa mpira. Katikati ya msiba huo wote, anayeulizwa ni mmoja: nani kamuua Kapteni Alex? Ndugu yake anatoka kumtafuta muuaji. Na filamu inakwisha bila jibu! Wengi hucheka kwamba Nabwana alisahau. Mimi huwa naona ni swali la baba mdogo limegeuzwa kichwa chini: hata huyo mwenye jina, mwenye filamu nzima, mwisho wake hakuna aliyejua aliuawa na nani.

Filamu za bajeti kubwa hupenda kuliweka jambo hili kama mzani. Iliyo maarufu zaidi ni Saving Private Ryan ya 1998: askari wanane wanatumwa nyuma ya mstari wa adui kumtafuta mmoja ambaye kaka zake watatu wamekufa, ili mama yao abakiwe na mtoto. Je, ni halali kuhatarisha wanane kwa mmoja? Ukifuata hesabu ya dukani, hapana. Lakini ukweli ulioizaa filamu una habari nyingine. Fritz Niland wa jimbo la New York aliondolewa Ufaransa mwaka 1944 baada ya kaka zake watatu kuhesabiwa wafu. Hakutumwa kikosi. Alitafutwa na kasisi wa jeshi, zikajazwa karatasi, akarudishwa nyumbani. Tena mmoja wa wale watatu, Edward, alikuwa hai katika kambi ya mateka ya Wajapani huko Burma, naye akarudi. Kwa hiyo hakuna aliyekufa kwa kumtafuta Niland; mtanziko ule ni kazi ya mwandishi wa hadithi. Hofu iliyo chini yake ndiyo ya kweli: Novemba 1942 familia moja ya Iowa, akina Sullivan, ilipoteza watoto watano katika meli moja, na mwaka 1948 Marekani ikaweka kanuni ya kumlinda askari aliyebaki peke yake katika familia.

Filamu ya karibu nasi zaidi ni Eye in the Sky, ya 2015. Hadithi yake iko Eastleigh, Nairobi, ingawa ilipigiwa picha Afrika Kusini. Ndani ya nyumba kuna watu wanavaa mabomu ya kujilipua. Juu kuna ndege isiyo na rubani. Ukutani, nje, binti mdogo ametandika meza anauza mikate. Ukipiga, binti huenda akafa. Usipopiga, makumi ya watu huenda wakafa sokoni. Ni fumbo la mwanafalsafa wa Uingereza Philippa Foot, la mwaka 1967, limevishwa sare: dereva wa tramu isiyosimamishika anaweza kuigeuza imgonge mmoja badala ya watano. Makamanda wanapigiana simu kutoka bara hadi bara, na kanali anamsukuma mpiga hesabu wake ampe asilimia ya hatari iliyo chini ya 50. Sheria yenyewe haina asilimia. Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva inakataza shambulio ambalo madhara yake kwa raia yanatarajiwa kupita kiasi yakilinganishwa na faida ya kijeshi, basi. Kiasi ni kipi, mtu mwenye dhamiri ndiye apime.

Ninaisifu filamu hiyo, na hapohapo ninailalamikia. Yule binti tumeshamwona akizungusha kiunoni pete yake kubwa ya kuchezea, tumemwona baba yake akimficha asionekane na washika dini wakali. Ana jina. Wale wa sokoni watakaolipuliwa hawana hata kivuli. Kwa hiyo tunapojiona tunapima maisha dhidi ya maisha, tunapima uso dhidi ya namba, na matokeo ya mzani huo Rokia alishatuonyesha. Hata hivyo nakiri: mara nyingi mtoto wa Afrika Mashariki akitokea katika filamu za vita ni wa kukimbia vumbini nyuma ya gari. Kumpa huyu dakika zote zile ni jambo.

Ndipo ninapofika Entebbe.

Kisa chake ni hiki. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kupita Athens, ikaletwa kwetu Uganda, kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe. Watekaji waliwatenga Waisraeli, wengine wakaachiliwa kwa mafungu. Rubani Michel Bacos na wafanyakazi wake wangeweza kuondoka; walikataa kuwaacha abiria. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomandoo wa Israeli wakatua, wakaokoa mateka 102. Mateka watatu walikufa katika ufyatulianaji risasi, akiwamo kijana wa miaka 19, Jean-Jacques Maimoni, aliyepigwa na waokozi wenyewe wakidhani ni mtekaji. Dora Bloch, bibi wa zaidi ya miaka 70, alikuwa amelazwa Mulago; alitolewa hospitalini akauawa kwa amri ya rais Idi Amin, na mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, utawala ule ulipoanguka. Kamanda Yonatan Netanyahu naye alikufa pale uwanjani.

Majina hayo unaweza kuyakariri, na ni haki yake yakaririwe. Filamu zilianza upesi mno: Desemba ya mwaka uleule televisheni ya Marekani ilikuwa tayari imerusha moja, nyingine ikafuata Januari, kisha ya Israeli mwaka 1977. Nyingine ikaja 2018. Ila usiku ule walikufa pia askari wa Uganda, wanaokadiriwa kufika 45, katika jeshi ambalo amri zake zilitolewa kwa Kiswahili, lugha hiihii ninayoandikia. Taja jina la mmoja. Mimi siwezi. Baada ya hapo Wakenya waliokuwa nchini wakasakwa na kuuawa kwa sababu Nairobi iliruhusu ndege zile zijaze mafuta. Nao sikumbuki kuwaona katika filamu yoyote niliyoitazama.

Sisemi kwamba askari wa Amin walikuwa malaika. Familia nyingi za Uganda zitanishangaa nikisema hivyo, yetu ikiwa ya kwanza. Ninachosema ni kwamba filamu haikuwahi kuwauliza. Askari wa lindo aliyepangiwa uwanja wa ndege usiku ule hakuiteka ndege wala hakumchagua Amin. Mtanziko wake yeye ungetosha filamu nzima: unalinda mateka ambao hukuwateka, kwa amri usiyoweza kuikataa ukabaki hai, na mbele yako inatokea Mercedes nyeusi kama ya mkubwa. Uisimamishe, au upige saluti? Walinzi wawili waliisimamisha kweli. Ndani walikuwamo makomandoo wenye bastola za kuzimwa sauti.

Miaka kadhaa baada ya kile kibanda, nilimwonyesha baba mdogo kipande cha mojawapo ya filamu hizo kwenye simu, tumekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, miwani yake imefungwa kwa uzi. Gari likatokea, mlinzi akainua mkono, akaanguka, tukaendelea. Akanigusa bega.

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Mlinzi akainua mkono, akaanguka tena.

"Saa kama ile ya usiku," akasema, "mara nyingi unamshikia mwenzako zamu. Amekwenda kumwona mkewe, anakuomba umkalie mpaka alfajiri."

Akanirudishia simu, akachukua birika la maji akatawadhe.