Wrangler inakumwagia maji ukifungua mlango? Usikimbilie kubadili raba

Wadau habari za masika. Mi ni fundi wa bodi na raba za magari hapa Dar, na mvua za mwezi wa tatu zikianza tu simu yangu haipumziki, hasa kwa wenye Jeep Wrangler. "Fundi, gari linavuja." Ukimuuliza linavuja vipi anakwambia nikiendesha kukavu, nikipaki kukavu, ila nikifungua mlango tu maji yananimwagikia pajani. Hapo naomba tuelewane vizuri maana watu wanatupa hela nyingi sana kwa kuchanganya vitu viwili, gari linalovuja na gari linalodondosha.

Kuna bosi mmoja alikuja na JK, yaani Wrangler ya toleo linaloitwa JK, ya milango minne, usukani wa kulia, na raba za mlango wa kushoto alishabadilishiwa mara mbili kwenye gereji nyingine na tatizo liko palepale. Alikuja na mkewe, nikaanza kuangalia zile raba, mpya kabisa, hazijachanika wala hazijakunjana, ndo shemeji akaniambia, "Fundi, mi ndo nalowa kila siku, yeye hata tone." Nikamuuliza mnapaki wapi mvua ikinyesha, akasema ananishusha kazini pembeni ya barabara. Basi nikajua tumeshafika nusu ya safari.

Barabara zetu zina mgongo katikati ili maji yashuke pembeni mtaroni. Sisi tunaendesha kushoto, kwaiyo ukisimama kumshusha mtu gari linalala kidogo upande wa kushoto, na paa la Wrangler liko karibu flati, maji yote yaliyobaki juu yanakimbilia upande wa abiria. Dereva yuko upande wa juu, kukavu. Shemeji kila asubuhi alikuwa anafungua mlango akiwa chini ya bomba.

Sasa kwanini yaingie ndani, yasidondoke nje kama kwenye magari mengine? Nilichukua timazi, ile ya waashi, nikafungua mlango nikaininginiza kutoka ukingo wa paa. Ncha yake ikatua juu ya siti, kabisa kwenye ule mto wa pembeni unaoshika paja. Nikamwita bosi aje aone kwa macho yake. Alafu nikaipeleka kwenye Land Cruiser 70 iliyokuwa imepaki hapo pembeni, nikaininginiza kwenye gata lake la chuma, ule mfereji wa maji ukingoni mwa paa, ikatua kwenye kizingiti, nje ya siti. Tofauti ndo hiyo tu wadau. Ubavu wa Wrangler ukipanda juu unaegemea ndani, kwaiyo ukingo wa paa uko ndani kuliko kizingiti cha chini, na hamna gata lililosimama la kuyashika maji na kuyapeleka mbele au nyuma. Ni kama nyumba ya bati isiyo na upenu, ukisimama mlangoni lazima ulowe.

Na kuna kitu kingine watu hawakijui, mlango ukiwa umefungwa, raba imekandamizwa kati ya mlango na paa, na juu ya raba kunabaki kaupenyo kembamba ambako maji yanakaa kama kwenye bakuli refu. Maji yanashikana yenyewe kwa yenyewe, yanaweza kuning'inia pale ukingoni muda mrefu tu bila kudondoka. Mlango ndo ulikuwa ukuta mmoja wa hilo bakuli. Ukiufungua umeondoa ukuta, yote yanashuka kwa pamoja. Ndo maana raba mpya haiwezi kusaidia, tena raba inayobana vizuri inatunza maji mengi zaidi pale juu.

Kwa hesabu, milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Paa la milango minne tuseme kama mita 3 za mraba, mvua ya milimita 30 inapitisha lita 90 juu ya kichwa chako. Zinazobaki ukingoni ukizima gari ni kidogo sana lakini glasi moja inatosha kabisa kulowesha siti na suruali ya mtu anayeenda ofisini.

Na mi simlaumu aliyeliunda hivi. Hili gari ukoo wake ni zile Jeep za jeshi la Marekani za mwaka 1941, turubai juu, milango hamna, lilitengenezwa likijua litalowa. Mpaka leo paa linatoka, milango inatoka, kioo cha mbele kinalala, ndo maana hata swichi za vioo JK imeziweka katikati ya dashibodi badala ya mlangoni. Vitu vitatu vinavyotoka au kulala vinakutana kwenye kona moja pale juu ya bawaba, na kona hiyo ndo ya kwanza kuiangalia kama gari linavuja kweli.

Utajuaje kama linavuja kweli? Funga kila kitu, mtu akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira dakika kumi, aanze chini apande juu taratibu. Aliye ndani akibaki mkavu, mlango ukifunguliwa ndo maji yakashuka, hilo ni la kudondosha. Akiona mchirizi unashuka kwenye nguzo ya kioo cha mbele au katikati ya zile paneli mbili za paa zinazovuliwa juu ya siti za mbele, hapo linavuja. Alafu chukua noti au kipande cha karatasi, kibane na mlango, kivute. Kikitoka bila kushika, raba pale haigusi. Zunguka mlango wote hivyo. Wengi nikiwafanyia hili nakuta raba nzima, ila paneli ilirudishwa vibaya, maana paneli moja ina mdomo unaolala juu ya mwenzake, ukianza na isiyotakiwa mdomo unakaa chini na maji yanaingia moja kwa moja.

Kwa yule bosi tuliweka gata la kubandika, la raba ngumu lenye gundi nyuma. Kazi yenyewe sio ngumu ila ina ustaarabu wake. Paa jeusi la Wrangler lina vipele vipele, gundi haishiki kirahisi, lazima usafishe kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, upake praima ya gundi, upashe joto kidogo na drayo, ndo ubandike na kukandamiza sentimita kwa sentimita. Gata lilale kidogo kwenda nyuma, sentimita moja inatosha, maji yamwagike nyuma ya mlango. Na usilipitishe zima juu ya kiungo cha paneli, utashindwa kuvua paa siku ya jua! Likate pale, kipande cha mbele kilale kidogo juu ya cha nyuma kama tunavyopandisha bati. Usiliguse na maji siku nzima, mbili ni bora zaidi.

Hata bila gata kuna mazoea yanasaidia. Ukikaribia kusimama kanyaga breki kwa nguvu kidogo kabla hujafika, maji ya juu yakimbilie kioo cha mbele, wipa iyatoe. Kama unapakia mtu upande mmoja tu, tafuta sehemu gari lilale upande wa pili. Na usiufungue mlango wote kwa mara moja, JK mlango wake umeshikwa na mkanda tu hauna kituo katikati, ukiachia unabembea wote, kwaiyo ushike, ufungue kidogo, subiri yashuke kwenye kizingiti ndo utoke.

Tafadhali sana msipake silikoni kwenye viungo vya paa. Nimebandua silikoni nyingi mno na kila mara raba inatoka na vipande. Ile inayonuka kama siki inatoa asidi inapokauka, ikigusa chuma kilichochubuka kutu inaanza hapo hapo. Na grisi ya bearingi kwenye raba pia hapana, mafuta ya petroli yanaifanya ivimbe na kulegea, tumia grisi ya silikoni au poda.

Kama siti imeshalowa mara nyingi, nyanyua kapeti usiridhike na kukauka kwa juu. Chini kuna sponji inashika maji wiki nzima, na sakafuni kuna plagi za kutolea maji, zifungue. Angalia na soketi za njano chini ya siti, hizo ni za eabegi. Zikipata kutu taa ya eabegi inawaka kwenye dashi na mtu anaanza kubadilishiwa vitu vya gharama wakati ni maji ya mlangoni tu.

Wenye turubai, gata la gundi halitashika juu ya kitambaa, msipoteze hela. Ninyi kazi yenu kubwa ni kukaza turubai, maana likilegea linafanya bonde katikati ya vyuma na maji yanakaa humo kama beseni, ukifunga mlango kwa nguvu yote yanaruka. Kila mvua ikikatika, kabla hujafungua mlango, nyoosha mkono juu ukiwa ndani, sukuma lile bonde kwa kiganja, maji yamwagike kwanza nje.