Mtoto haoni ubaoni: miwani inafanya nini hasa?

Mwanangu wa darasa la nne anakodoa macho akisoma ubao, lakini daftari anasoma vizuri. Ana nini?

Tumbukiza kijiko kwenye glasi ya maji, ukitazame kwa ubavuni. Kinaonekana kimekatika pale maji yanapoanzia. Hewani mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Majini hushuka hadi 225,000 hivi, na ukiingia kwa mshazari, kupungua huko kwa kasi ndiko kunakoupinda.

Jicho linaona kwa njia hiyohiyo. Konea, ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, hufanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kuupinda mwanga. Lenzi ya ndani humalizia, na miale hukutana kwenye retina, utando wa kule nyuma unaopokea picha. Huenda jicho la mwanao limerefuka kupita kiasi, miale ikakutana kabla ya kufika. Milimita moja tu ya ziada humfikisha kwenye miwani ya namba (nguvu ya lenzi) inayokaribia -3; alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali. Mwenye -3 huona sawasawa mpaka sentimita 33. Chukua rula upime: daftari limo humo, ubao haumo.

Bibi yake anasema miwani itamharibu macho.

Hapana, haiharibu. Lenzi yake, nyembamba katikati na nene pembeni, hutawanya miale kidogo kabla haijaingia jichoni, ili ikutane pale panapotakiwa. Bibi ameona namba zikipanda mwaka hadi mwaka, na hilo ni kweli. Lakini zinapanda kwa sababu mtoto anakua na jicho linaendelea kurefuka. Ninachokihofia mimi ni kuchelewa. Jicho moja likiwa dhaifu kuliko jingine, ubongo wa mtoto huzoea kulipuuza, na akishakua, miwani peke yake hairudishi uoni huo.

Karoti je?

Mpe, zina faida ya vitamini A. Jicho lililorefuka hazilifupishi.

Nianzie wapi?

Mpeleke kwa mtaalamu wa macho akapimwe, kila jicho peke yake. Usimnunulie miwani ya kusomea inayouzwa barabarani. Hiyo huukusanya mwanga zaidi, na ubao utazidi kufifia. Wadogo zake waache wacheze nje mchana, jumla ya saa mbili kila siku: hupunguza uwezekano wa tatizo hili kuanza. Na mtoto yeyote ukimwona mboni inang'aa nyeupe, au jicho ni jekundu na linauma, nenda hospitali siku hiyohiyo.